Adhabu ya Wafanyao Fujo Viwanjani: Ni Nani Astahiliye?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyefuata uwongofu wao mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Ukunda na Msambweni wanaohudhuria darsa swali ambalo jawabu lake lawahusu watu wote wa pwani hii ya kusini, tangu Tiwi hata Vanga. Wanasema: Hutokea vijana wa mtaa mmoja wakacheza mpira na vijana wa mtaa mwengine, refa akapiga filimbi isiyowapendeza baadhi ya watazamaji, mawe yakarushwa, mtu akapasuliwa kichwa, kioo cha gari kikavunjwa. Kesho yake wakubwa hukaa wakakata shauri kwamba timu ya mtaa ule isicheze mwaka mzima, kiwanja kifungwe, na kila nyumba itoe pesa. Je, hukumu kama hii ni ya haki katika dini yetu?

Ndugu zetu, mas-ala haya si madogo kama wengine wanavyodhani. Watu husema, "Huu ni mpira tu." Lakini jiwe likishampata mtu, si mpira tena, ni damu. Na pesa ikishachukuliwa kwa mjane ambaye hakuwako kiwanjani wala hajui nani kacheza na nani, si mpira tena. Ni mali ya mtu. Mtume wetu (s.a.w.) katika khutba yake ya kuaga alizitaja damu zetu na mali zetu pamoja, akazifanya zote kuwa tukufu. Basi asidhani mtu kuwa akiilinda damu amepata ruhusa ya kuivunjia mali heshima yake.

Mchezo wenyewe hauna kosa

Wako watakaosema kwamba dawa ya fujo ni kuuondoa mchezo. Hao twawakumbusha khabari iliyo sahihi katika Bukhari na Muslim, ya Mahabushi waliocheza kwa mikuki yao siku ya Idi ndani ya msikiti wa Mtume. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiwatazama, na Mtume (s.a.w.) amemsitiri, mpaka akatosheka mwenyewe. Bwana Umar alipotaka kuwatupia vijiwe ili waache, Mtume alimwambia awaache. Na farasi walishindanishwa Madina, kwa masafa maalumu na kwa utaratibu unaojulikana.

Anas (r.a.) amesimulia pia khabari ya ngamia wa Mtume aliyeitwa Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi. Akaja bedui mmoja juu ya kijingamia chake, akampita. Jambo hilo liliwauma Waislamu. Mtume alipoona nyuso zao aliwafahamisha kwamba ni desturi ya Mwenyezi Mungu kuwa hakinyanyuki kitu cha dunia ila hukishusha. Tazama, msomaji: aliyeshindwa ni mnyama wa Mtume wa Mwenyezi Mungu, na watazamaji ni masahaba, na uchungu waliuona kama watu wengine wauonavyo, lakini bedui yule hakuguswa wala hakutukanwa. Basi timu ya mtaa wako ina utukufu gani zaidi, hata ikishindwa pasiwe na budi mtu apigwe?

Kwa hivyo kukifunga kiwanja si kuitibu maradhi. Na kijana wa Diani ambaye jioni hakukuta kiwanja atakwenda maskani. Na kinachouzwa maskani wazazi wa Diani wanakijua, na wengine wamekwisha kukizikia watoto wao.

Hapana mwenye kubeba mzigo wa mwenziwe

Sasa tuje kwenye asili ya jawabu. Mwenyezi Mungu ametufundisha mahali patano katika Kitabu chake, katika Suratul An'aam, na Israa, na Fatir, na Zumar, na Najm, ya kwamba hapana nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyengine. Kukaririwa huku si bure. Waarabu wa zama za ujinga, akiuawa mtu wao, walikuwa hawamtafuti muuaji. Walimtafuta yeyote wa kabila lake, na wakimpata aliye bora kuliko muuaji hufurahi zaidi. Uislamu ukaja ukalikata jambo hilo.

Itazame pia khabari ya Nabii Yusuf (a.s.). Kopo la mfalme lilipoonekana katika mzigo wa nduguye, wale ndugu wengine waliomba achukuliwe mmoja wao badala yake, wala hawakulazimishwa, bali walijitolea kwa ridhaa yao. Hata hivyo Yusuf alijilinda kwa Mwenyezi Mungu asimshike ila yule ambaye kopo limekutwa kwake, akasema kuwa kufanya kinyume cha hayo ni kudhulumu. Ikiwa aliyejitolea kwa hiari hakukubaliwa, vipi tutamshika asiyejitolea na asiyekuwako?

Na lililo karibu zaidi na mas-ala yetu ni kisa kilichotajwa katika vitabu vya tarikh ya Misri. Mkibti mmoja, asiyekuwa Muislamu, alishindana mbio na mtoto wa Amri bin Al-As, gavana wa nchi. Mkibti akashinda. Mtoto wa gavana akampiga mjeledi, huku akijifakhiri kuwa yeye ni mwana wa watukufu. Yule mtu akafunga safari mpaka Madina kumshitakia Bwana Umar. Umar akamwita gavana pamoja na mwanawe, akampa Mkibti mjeledi, akamwamrisha ampige aliyempiga, akampiga. Kisha Umar akamwambia amgeuzie na baba mtu, kwani mtoto hakuthubutu ila kwa sababu ya ukubwa wa babake. Mkibti akajibu kwamba aliyempiga ameshampiga.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. Mosi, mwana wa mkubwa hakuachwa kwa ukubwa wa babake. Pili, aliyedhulumiwa mwenyewe, na mjeledi u mkononi mwake, aliona kuwa haki yake imekwisha kwa aliyemkosa. Nasi leo mara nyingi hufanya kinyume cha yote mawili: mwana wa mwenye jina husitiriwa, na mtaa mzima ukaadhibiwa badala yake.

Mifano ya waliotutangulia na ya zama zetu

Pwani hii inaijua vyema adhabu ya jumla. Mwaka 1909 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuwaadhibu watu wa kabila au kijiji kizima kwa kosa la baadhi yao. Na mwaka 1914 ndugu zetu Wagiriama, baada ya kuinukia utawala huo, walitozwa faini ya rupia 100,000, yule aliyepigana na yule asiyepigana. Mpaka leo khabari hizo zikisimuliwa twaziita dhulma, na ni dhulma kweli. Basi tusiichukue fimbo ileile aliyotupigia mkoloni, tukawapigia watoto wetu.

Katika michezo mikubwa nako twaona mambo hayohayo. Tarehe 1 Oktoba 2016, Simba na Yanga walipocheza Dar es Salaam, watazamaji waling'oa viti vya Uwanja wa Taifa. Serikali ikazifungia klabu zote mbili kuutumia uwanja ule kwa muda. Na hapa kwetu Kenya, Agosti 2025, katika mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, watu wasiokuwa na tiketi walijipenyeza kwa nguvu Kasarani. Shirikisho la Mpira la Afrika likaamuru tiketi za mechi za Kenya zisizidi 27,000 katika uwanja ule. Waliovunja mlango ni baadhi. Waliokosa nafasi ni maelfu, na miongoni mwao wako waliokuwa tayari kununua tiketi yao kwa halali. Hatusemi kwamba wakubwa wa mpira hawana haki ya kuchukua tahadhari. Kupunguza msongamano ili watu wasife ni jambo jema. Lakini tahadhari ni kitu kimoja na adhabu ni kitu chengine. Tahadhari hutazama khatari ya kesho, na adhabu hutazama kosa la jana; na kosa lina mwenyewe.

Wazungu nao walipita njia hii. Mei 1985 watu 39 walikufa katika uwanja wa Heysel, Brussels, baada ya washabiki wa Liverpool kuwashambulia wa Juventus. Klabu zote za Uingereza zikapigwa marufuku kucheza mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano, hata zile ambazo hazikukanyaga Brussels. Lakini pia watu wale walitafutwa, wakapelekwa mahakamani, na mwaka 1989 watu 14 wakahukumiwa mmoja mmoja. Mwaka huohuo Uingereza ikatunga sheria ya kumzuia mtu maalumu asihudhurie mpira kwa amri ya mahakama. Njia hii ya pili ndiyo iliyo karibu na haki, na hekima ni kitu kilichompotea Muislamu. Popote akionapo na akichukue.

Hoja ya mwenye kupinga

Huenda mwanafunzi wa fikihi akatujibu: "Mbona sharia imewalipisha diya jamaa za mtu, yaani akila, hali ya kuwa wao hawakuua?" Hoja hii ni nzuri nayo yataka jawabu.

Jawabu ni kwamba akila hulipa katika kuua kwa kukosea na kunakofanana nako, si katika kuua kwa kukusudia. Na kulipa kwao si adhabu bali ni kusaidiana, ili aliyefiwa asikose haki yake na aliyekosea asifilisike. Hawafungwi wala hawapigwi, na maskini wao hatozwi kitu. Ama anayeokota jiwe akamrushia refa, huyo amekusudia. Na mwenye kukusudia khasara yake ni katika mali yake mwenyewe.

Na kuhusu pesa, wanavyuoni wamekhitalifiana. Wengi wao, na miongoni mwao ni wa madhehebu yetu ya Shafi kwa kauli ya mwisho ya Imamu, hawakuruhusu kumwadhibu mtu kwa kumchukulia mali. Ibn Taymiya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliruhusu. Lakini hata walioruhusu walisema achukuliwe mkosa. Basi ile pesa ya kila nyumba haina pa kusimama katika kauli zote mbili. Kulipa kioo kilichovunjwa ni jambo jengine. Hiyo ni dhamana, na ni wajibu juu ya aliyekivunja. Majirani wakichanga kwa hiari yao kumsaidia mwenye gari, watapata thawabu, wakilazimishwa, wamedhulumiwa.

Je, na timu na wasimamizi wake hawana lolote? Wanalo, nalo ni kosa lao wenyewe likiwapo. Aliyeandaa mashindano, akakusanya viingilio, kisha asiweke watu wa kulinda, wala asimwandalie refa njia ya kutokea salama, huyo ameikhini amana aliyoichukua. Aulizwe kwa uzembe wake, si kwa jiwe la mwengine.

Uthibitisho

Mkosa hajulikani kwa uvumi. Suratul Hujurat imetuamrisha tuipeleleze khabari ya mtu asiyeaminika kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Na katika zama zetu khabari ya fasiki huja imevaa nguo ya picha. Kipande cha simu cha nusu dakika huonyesha nani aliyerudisha pigo, na hakionyeshi nani aliyeanza. Na mara nyingi kijana hutajwa kwa sababu kanzu au jezi yake yafanana na ya mwengine, au kwa sababu ana sifa mbaya tangu zamani. Sifa mbaya si ushahidi. Wala si ushahidi dhana ya kuwa wale wamezika hirizi golini. Hiyo ni khurafa iliyoongezwa juu ya ugomvi, na wangapi wamepigwa kwa hirizi ambayo haikuonekana na mtu!

Ni haki ya mtuhumiwa asikizwe. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Bwana Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi alimuusia asimhukumie wa kwanza mpaka amsikilize na wa pili. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010 nayo, katika ibara ya 50, inamhakikishia mtu kusikizwa kwa haki. Kwa hivyo hapa sharia na katiba zimekutana. Ama kumkusanyikia mtuhumiwa na kumpiga palepale kiwanjani, hiyo si adhabu kabisa. Ni fujo ya pili, na wafanyao ni wakosa kama yule wa kwanza, na huenda wakawa ni zaidi.

Kipimo cha adhabu

Suratun Nahl, karibu na mwisho wake, imetufundisha kwamba tukilipiza tulipize mfano wa tulivyofanyiwa, na kuwa kusubiri ni bora. Basi aliyetukana hawi kama aliyerusha jiwe, wala aliyerusha jiwe likapita hawi kama aliyemtoa mtu jicho. Kadhalika ajuaye si kama asiyejua. Yule bedui aliyekojoa msikitini masahaba walimwinukia, na Mtume akawazuia mpaka akamaliza, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe hapo. Na mtoto ambaye hajabaleghe hana dhambi. Khasara aliyoifanya hulipwa katika mali yake akiwa nayo, na kumtia adabu ni kazi ya mzazi wake, si ya umati.

Adhabu ambayo sharia haikuiwekea kiwango huitwa taaziri, nayo si lazima iwe kiboko. Wanavyuoni wametaja kukemewa, na kutengwa na jambo, na kufungwa, kwa kadiri ya maslaha. Na mwenye kuitoa ni mwenye mamlaka. Katika nchi yetu mahakama ya kadhi, kwa ibara ya 170 ya Katiba, ina mipaka yake ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Makosa ya kupiga na kuharibu mali ni ya hakimu, na kiboko kama adhabu ya mahakama kiliondolewa mwaka 2003. Basi asitoke mtu akajifanya kadhi wa jinai chini ya mwembe.

Hata hivyo mlango wa sulhu u wazi, na ibara ya 159 imeuhimiza. Lakini twawaonya wazee wetu kwa heshima: sulhu ni haki ya aliyeumizwa. Ni mara ngapi mtu ameshonwa kichwa katika hospitali ya Msambweni kwa pesa zake mwenyewe, kisha akaambiwa, "Sisi sote ni ndugu, tuyamalize"? Yamemalizwa kwa nani? Undugu ambao hulipiwa na mnyonge peke yake si undugu. Kwanza alipwe matibabu yake na siku zake za kazi, aombwe radhi mbele za watu kama alivyoumizwa mbele za watu. Kisha akisamehe, ujira wake u kwa Mwenyezi Mungu.

Waliokaa kimya

Tumesema asiyetenda haadhibiwi. Asije mtu akafahamu kuwa asiyetenda hana la kujibu. Mtume (s.a.w.) ametupigia mfano wa watu wa jahazi moja, walio juu na walio chini, wa chini wakataka kutoboa ili wapate maji karibu. Wakiachwa wataghariki wote. Wakishikwa mikono wataokoka wote. Watu wa Gazi na Shimoni hawahitaji kufafanuliwa mfano huu. Anayemwona jirani yake ameshika jiwe akanyamaza, hatumtozi faini. Lakini ana mas-ula mbele ya Mola wake.

Na ushabiki wenyewe una mpaka. Katika safari moja mtu wa Muhajirina alimpiga teke mtu wa Answari, huyu akaita, "Enyi Answari!" na yule akaita, "Enyi Muhajirina!" Majina hayo mawili ni majina matukufu yaliyotajwa katika Qur'ani, lakini yalipotumiwa kwa kukusanyia watu kupigana, Mtume aliuita mwito ule mwito wa ujinga, akawaamrisha wauache kwani unanuka. Ikiwa jina la Answari linanuka likitumiwa hivyo, sembuse jina la timu? Na alipotufundisha kumnusuru ndugu yetu akidhulumu au akidhulumiwa, aliulizwa vipi mtu atamnusuru dhaalimu. Akabainisha kuwa ni kumzuia asidhulumu. Huo ndio ushabiki wa Muislamu: kuushika mkono wa mwenziwe kabla haujarusha.

Nasaha yetu

Kwa hivyo jawabu la ndugu zetu waliouliza ni hili. Kiwanja kisifungwe zaidi ya siku za kutuliza nyoyo. Timu isizuiwe ila kwa kosa lililothibitika juu yake. Nyumba zisitozwe. Atafutwe aliyetenda, kwa mashahidi, hata akiwa ni mtoto wa imamu au wa mwakilishi, asikizwe, alipe alichoharibu, aombe radhi, azuiwe kuhudhuria mechi kwa muda unaolingana na kosa, na penye damu, apelekwe panapohusika. Na kabla ya hayo yote, wazee wa mitaa miwili wakutane kabla ya mechi, wala wasingoje baada yake. Na kila mtaa utoe watu wake wa makamo wasimame na vijana wao.

Suratul Maidah imetuamrisha kwamba chuki ya watu isitupeleke tukaacha kufanya uadilifu. Ni rahisi kuwa mwadilifu kwa mtaa wako. Mtihani ni siku ile mtaa wa pili umekukosea, na watoto wao wako mbele yako, na huwezi kumpambanua aliyerusha na asiyerusha. Siku hiyo uuzuie mkono wako mpaka umpambanue.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kusimamisha haki ijapokuwa juu ya nafsi zetu. Waongoze vijana wetu, uzilinde damu zao na mali za watu wetu, na utuepushe na dhulma, ya kuifanya na ya kufanyiwa. Amin.

Wabillahi ttawfiq.